Redio Kaseti Hufia Maungioni

Hakuna chombo cha nyumbani kinachotangazwa marehemu haraka kama redio kaseti ya zamani. Mwenyewe anaiwasha, taa haiwaki, spika kimya. Anaipiga ubavuni, inakoroma, inaimba sekunde mbili, inanyamaza tena. Hukumu inapita hapo hapo: imechoka, zama zake zimekwisha, apewe mnunuzi wa vyuma chakavu. Ninachodai ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi hupingwa na ushahidi uleule uliotumika kuitoa. Chombo kilichokufa hakijibu kofi. Kinachojibu ni shaba iliyokuwa imeachana na shaba mwenzake kwa nafasi isiyoonekana kwa macho, kofi likazikutanisha kwa muda. Zile sekunde mbili za uimbaji zimethibitisha kwamba umeme upo, kikuza sauti ni kizima, spika ni nzima, na kwamba kilichopungua ni mguso mmoja tu. Redio kaseti hufia maungioni: pale betri inapoegemea springi, plagi inapoingia tunduni, swichi inapoteleza juu ya shaba, mguu wa kifaa unapolehemiwa kwenye bodi. Anayelijua hilo huanza kutafuta mahali tofauti kabisa na anayewinda kifaa kilichoungua.

Sababu imo katika namna chombo chenyewe kilivyoundwa. Philips walionyesha kaseti ndogo ya plastiki mjini Berlin mwaka 1963, na mwaka 1966 wakatoa chombo kilichoiweka kaseti hiyo pamoja na redio. Kampuni za Japani, zikiwemo JVC, Sony, Sharp, Sanyo, Hitachi na Matsushita iliyouza kwa jina la National, zikaliendeleza wazo hilo katika miaka ya 1970 na 1980 hadi likawa sanduku lenye spika mbili, mpini, antena ya kuvuta na chumba cha betri kubwa sita, nane au hata kumi. Ndani ya sanduku mna mitambo minne: wa umeme, wa kupokea matangazo, wa kuendesha kanda na wa kukuza sauti. Ili kupunguza gharama na uzito, mitambo hiyo ilifanywa ishirikiane. Kikuza sauti kimoja huhudumia redio na kanda. Kichwa kilekile cha kanda, mara nyingi, husoma na kurekodi. Njia ileile hupitisha umeme uliotoka ukutani au kwenye betri. Kushirikiana kunadai swichi, na swichi ni vipande vya shaba vinavyosuguana, vinavyoshika vumbi, vinavyopigwa na hewa ya chumvi ya pwani na, katika nyumba nyingi, vinavyotembelewa na mende wanaopenda joto la transfoma. Transista haina kinachosuguana. Ikipewa volti ilizopangiwa, inaweza kudumu kuliko aliyeinunua.

Ushirikiano huohuo unampa mchunguzi zawadi kubwa, kwa kuwa kila kazi ya redio hutoa ushahidi juu ya kazi nyingine. Chukua tatizo la umeme. Badala ya kufungua skrubu, weka betri mpya. Ikiimba kwa betri na kukataa kwa umeme wa ukutani, nusu nzima ya mashine imeachiwa huru kwa jaribio moja: kikuza sauti, spika na swichi kuu hazina kesi. Waliobaki ni waya, tundu la plagi, fyuzi, transfoma na diodi. Katika transfoma nyingi kuna fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa chini ya karatasi ya kuhami. Ikikatika, transfoma yote huonekana imekufa ilhali kilichokatika ni kipande kidogo cha bei ndogo. Ikiwa kinyume chake ndicho kweli, umeme wa ukutani unakubali na betri zinakataa, basi tazama springi, kisha tazama mahali ambapo wengi hawapafikirii: ndani ya tundu la plagi. Redio nyingi zina jani la shaba humo, linalosukumwa na plagi ili kuzitenga betri. Likisukumwa kwa miaka mingi, siku moja halirudi, na betri mpya kabisa zinaonekana hazina kitu. Na zikikataa zote mbili, tafuta baada ya njia hizo kukutana, ukianza na swichi ya kuchagua kati ya redio na kanda. Katika redio kadhaa, upande wa kanda ndio pia upande wa kuzima. Moto haupiti mpaka kitufe cha kuchezea kiguse swichi ndogo iliyo kwenye mtambo wa kanda. Mwenyewe anasema imekufa, kumbe imeachwa upande wa kanda.

Hapa mwenye mita atasema kwamba maswali yote haya ni kupoteza muda: pima volti, utaona. Mita ni shahidi mzuri, lakini hujibu swali uliloliuliza tu. Betri nane za volti 1.5 kila moja hutoa volti 12. Zipime redio ikiwa imezimwa, nazo zitasoma 12 hata kama springi zimeota kutu, kwa sababu mkondo haupiti na kutu haijapata nafasi ya kuzuia chochote. Tuseme kutu hiyo ina ukinzani wa omu 2. Sauti ikiwa ndogo na redio ikivuta ampea 0.1, kinachopotea ni volti 0.2, na sikio halioni tofauti. Ongeza sauti, besi ipige, redio ivute ampea 1, na volti 2 nzima zinaishia kwenye kutu. Sauti inakwaruza, taa inafifia, pengine redio inakata. Wengi husema kikuza sauti kimechoka kwa kuwa dalili imejitokeza kwenye sauti, na hununua chipu mpya. Kupima redio ikiwa inaimba kwa sauti kubwa kungewaokoa. Hata usafishaji wa kutu una hoja yake. Ushauri unaozunguka duniani ni kutumia siki, nao unafaa kwa betri za alkalini. Lakini betri zilizojaza redio za Afrika Mashariki kwa miongo mingi ni za zinki na kaboni, kama zile za Eveready zilizotengenezwa Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014, na uvujaji wake una tabia ya asidi. Huo hutulizwa kwa maji ya magadi kidogo, kisha kupanguswa na kukaushwa vizuri.

Kuna koromo jingine ambalo halitokani na mguso, nalo ndilo pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu. Redio inavuma mfululizo ikiwa kwenye umeme wa ukutani, hata sauti ikipunguzwa hadi mwisho, na uvumi huo hutoweka ikiwekwa betri. Wimbi la umeme wetu hukamilika mara 50 kwa sekunde. Diodi nne hugeuza kila nusu ya wimbi iwe upande mmoja, kwa hiyo mapigo huwa 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa, yenye mikrofaradi elfu mbili, tatu au zaidi, ndiyo inayojaza mabonde kati ya mapigo hayo. Ikikauka, mabonde hubaki wazi na spika huyaimba. Kapasita si kiungo, na imekufa kweli. Vivyo hivyo mkanda wa mpira unaozungusha mtambo wa kaseti: hulegea, hunyooka, na aina nyingine huyeyuka ikawa kama lami. Nalikubali pingamizi hilo, nikiongeza jambo moja. Kapasita na mpira huzeeka kwa sababu kemia yake haikomi hata chombo kikiwa kimezimwa. Maji ya ndani ya kapasita hutoroka polepole kupitia kizibo chake, na kanuni ya wahandisi ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Orodha ya washukiwa basi inarefuka kidogo: maungio kwanza, vitu vinavyozeeka kama kapasita na mpira vya pili, na silikoni ya transista na chipu mwisho kabisa. Utaratibu wa kuchunguza haujabadilika, na kapasita iliyokauka imejitangaza kwa ulinganisho wa betri na umeme, bila bodi kuguswa.

Tukija kwenye sauti, redio ya spika mbili ina faida ambayo vyombo vichache vinayo: inabeba ndani yake mfano wa jinsi inavyotakiwa kuwa. Upande wa kushoto na wa kulia umejengwa kwa vifaa vilevile, kwa mpango uleule, na ni nadra pande zote mbili kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Upande mmoja ukinyamaza, badilisha waya za spika. Spika ileile ikiendelea kunyamaza, spika ndiyo yenye kosa. Ukimya ukihamia spika ya pili, spika ya kwanza haina hatia. Baada ya hapo kila volti ya upande mzima ni kipimo cha upande mgonjwa, na fundi asiye na mchoro wa saketi anao mchoro huo mbele yake, ukiwa unaimba. Visikizi navyo vina maneno yao. Sauti ikisikika kwenye visikizi na spika zikiwa kimya, tuhuma ya kwanza iwe tundu la visikizi, kwa kuwa ndani yake mna majani ya shaba yanayokata spika plagi inapoingia; yakichafuka hubaki yamekata hata plagi ikitolewa. Ikiwa redio inasikika na kanda haisikiki, kikuza sauti kimeshathibitishwa na redio, na upekuzi unahamia kwenye kichwa, waya zake na swichi ya kurekodi.

Swichi hiyo ya kurekodi inastahili aya yake. Ni ndefu, imelala juu ya bodi, na hubeba safu za miguso midogo inayobadilisha njia zote kwa pamoja: kichwa kiwe cha kusoma au cha kuandika, sauti iende spika au iende kanda. Mguso mmoja tu ukiwa mweusi, upande mmoja hupotea, au kanda husikika kama iko chumba cha pili, au redio yote hupiga mluzi. Dalili hizi ni nyingi na za kutisha, na fundi asiyezijua atakwenda kwenye chipu. Dawa mara nyingi ni dawa ya kusafishia miguso ya umeme na kuisogeza swichi mbele na nyuma mara nyingi. Kinachofundisha zaidi ni chanzo chake. Fedha iliyopakwa kwenye miguso huungana na salfa ya hewani ikawa nyeusi, na swichi inapotumika husugua weusi huo na kujisafisha yenyewe. Swichi iliyokaa miaka kumi bila mtu kurekodi chochote haikuchakaa kwa kazi, imechakaa kwa kukaa. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kina kisa hichohicho, na ndiyo maana redio iliyohifadhiwa kabatini kwa heshima hutoka na magonjwa mengi kuliko iliyokuwa ikiimba kila siku kwenye kibanda cha kinyozi.

Fundi wa Kariakoo au wa River Road anaweza kuinuka hapa na kusema: sihitaji mlolongo wa maswali, nikiisikia tu najua. Simkatalii. Sikio lake limeyauliza maswali hayo maelfu ya mara hadi yamekuwa swali moja. Lakini sikio hilo hupotoka katika hali mbili. Kwanza ni pale ubovu unapokuwa wa aina mbili kwa pamoja, kapasita iliyokauka na swichi chafu, dalili zake zikichanganyika na kufanana na ugonjwa wa tatu ambao haupo. Pili ni pale fundi mwingine alipopita kabla yake na kubadilisha njia za waya. Katika hali hizo uzoefu hukimbilia kisa kinachofanana, ilhali utaratibu hugawa mashine nusu kwa nusu mpaka pasibaki pa kujificha. Kisha kuna suala la urithi. Sikio la miaka thelathini haligawiwi kwa mwanagenzi. Mfuatano wa maswali unagawiwa, unaandikwa, unakosolewa. Fundi aliyekufa na sikio lake ameondoka na karakana nzima.

Upande wa pili wanasimama wapenzi wa vyombo vya zamani wanaosema: usichunguze, badilisha kapasita zote, utakuwa salama. Rai hii inavutia kwa kuwa inaonekana ni ya mtu mwangalifu. Lakini kila kapasita ina miguu miwili, na kubadilisha makumi ya kapasita ni kutengeneza makumi ya maungio mapya kwenye bodi ya zamani ambayo njia zake nyembamba za shaba hubanduka kwa joto la kulehemu. Mtu anatibu ubovu mmoja kwa kupanda mbegu za mwingine, na pahali palepale ambapo mashine hizi hufia. Akigeuza kapasita moja hasi kwa chanya, inavimba au kupasuka. Mbaya zaidi, redio ikipona hajui nini kiliiponya, na isipopona hajui kama kilichobaki ni ubovu wa zamani au ni mkono wake mwenyewe. Badilisha kilichothibitishwa, kisha jaribu, ndipo uendelee.

Na chipu zinazoungua kweli je? Zipo, ila tuulize nani kaziunguza. Mara nyingi jibu ni binadamu. Swichi ya nyuma imeachwa kwenye volti 110 na chombo kikachomekwa kwenye 230. Redio iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambako umeme ni volti 100, imeletwa na mizigo ya mitumba na kuchomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguzia. Waya za spika zimegusana, ikapiga shoti. Fyuzi imekatika kwa sababu ya haki, na badala ya kuuliza sababu, mtu akaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hivyo ubovu mdogo ukapewa ruhusa ya kula transfoma. Tahadhari yake ni nyepesi: balbu ya zamani ya uzi, ya wati 40 au 60, iunganishwe mfululizo kwenye waya wa moto kabla ya kujaribu redio isiyojulikana. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna shoti, na balbu imepokea madhara badala ya mashine. Redio hiyohiyo ya Japani ina ukimya mwingine usio ubovu hata kidogo: masafa yake ya FM yalipangwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Inapokea vizuri kabisa, ila hewani hakuna karibu chochote cha kupokea. Fundi anayeifungua kutafuta ubovu anatafuta kisichokuwepo, na ataacha ubovu mpya nyuma yake.

Linabaki pingamizi la mfuko. Spika ndogo yenye memori kadi, FM na betri ya simu inapatikana sokoni kwa bei ambayo pengine hailipi hata kazi ya fundi. Ikiwa haja ni muziki tu, nakubali bila ubishi: nunua spika hiyo. Lakini haiwezi kusoma kanda. Na kanda ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya sauti za mwambao na bara kwa takriban kizazi kizima: taarab iliyorekodiwa na kuuzwa na maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa, mawaidha ya misikitini, mahubiri, harusi, na salamu za jamaa waliokwenda Arabuni. Nyingi hazikuwahi kutolewa kwa njia nyingine yoyote. Mwaka 2019 na 2020, UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, ziliendesha mradi wa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, zikionya kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi itakuwa vigumu kunakili kanda kwa wingi, kwa kuwa mashine, vipuri na ujuzi wa kuzitunza vinatoweka. Mashine mpya za kaseti hazizibi pengo hilo. Karibu zote hutumia mtambo mmoja wa bei nafuu ulionakiliwa kutoka muundo wa Tanashin, ambao mwendo wake hauna uthabiti wa mitambo bora ya miaka ya 1980. Kwa hiyo redio kaseti inayotengenezeka ni ufunguo wa maktaba ambayo haijanakiliwa, na kuitupa kwa sababu ya springi yenye kutu ni hasara isiyoonekana kwenye risiti.

Kwa hiyo, wewe uliye na redio kabatini, ipe kesi ya haki kabla hujaihukumu. Safisha springi, weka betri mpya, ingiza na kutoa plagi ya umeme na ya visikizi, zungusha kitufe cha sauti toka mwanzo hadi mwisho, sogeza kila swichi mbele na nyuma ikiwa imezimwa, kisha iwashe na usikilize kila upande peke yake. Andika kilichokubali na kilichokataa, umpelekee fundi karatasi hiyo pamoja na redio, na umwombe asibadilishe kifaa chochote kabla hajakuonyesha kilivyothibitika kuwa kibovu. Nawe fundi, mfundishe mwanagenzi wako maswali kabla hujamkabidhi chombo cha kulehemu. Redio ikishaimba, safisheni kichwa chake kwa pamba na spiriti, na kaseti za kwanza kuwekwa ziwe zile ambazo hazina nakala nyingine popote, zinakiliwe siku hiyohiyo.